Saloni Yetu ya Nyuma

"Nywele munatupa wapi?"

Hilo ndilo swali lililonimaliza. Halikuwa la kwanza, wala halikuwa la ajabu kuliko yote niliyoulizwa na ofisi ile ya wathamini wa nyumba. Lakini lilinikuta nimesimama mbele ya kaunta, mtoto amelala mgongoni na mate yake yananishukia shingoni, bahasha ya karatasi mkononi, na njaa juu. Nikamtazama yule dada wa mapokezi. Kucha nzuri, sauti nzuri, uso umetulia kama mtu anayekuuliza unywe chai au kahawa.

"Nywele gani?"

"Nywele, madamu. Zile zinabaki. Iko sehemu ya mazingira kwenye fomu, razima tujaze. Munachoma, ama gari ya taka inabeba?"

Mkono wangu ukaenda wenyewe kichwani. Tangu nijifungue huyu mdogo nywele zilikuwa zinanitoka, asubuhi naziokota kwenye mto, na siku hiyo nilikuwa nimefunga kitambaa ili watu wasione kipara kinachoanza juu ya sikio. Nikajua basi, kitambaa kimeteleza, na huyu dada ananicheka mbele ya watu.

"Nywele zangu zinakuhusu nini wewe?"

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Mtoto akaamka, akaanza kulia. Waliokuwa kwenye viti wakainua macho kutoka kwenye simu zao. Kigali watu hawapigi kelele ofisini. Unaweza kunyongwa taratibu kwa karatasi mwezi mzima, ukatoka unasema asante.

"Ihangane, mama," akasema yule dada.

Neno hilo la hapa nalijua vizuri. Ukifiwa unaambiwa ihangane, maana yake pole. Ukikanyagwa kwenye basi, ihangane. Ukiambiwa ofisini, maana yake vumilia, nenda, urudi wiki ijayo. Nilikuwa nimeshaambiwa ihangane kwa mdomo, kwa simu na kwa ujumbe. Nikaipiga ile bahasha juu ya kaunta, kalamu zikaruka.

"Sihangani!" nikasema. "Sihangani tena! Leo sihangani!"

Mtu mmoja nyuma yangu akacheka. Kinyarwanda nilikuwa nimekikalisha ndani ya Kiswahili kwa nguvu, na hakikuwa kimekaa vizuri. Sikujali.

Niseme sasa nilifikaje hapo, maana mimi si mtu wa vurugu. Mume wangu atakataa, lakini yeye anaandika kwake na mimi naandika kwangu.

Nyumba yetu iko Gahanga, upande ule ambao ukiendelea kidogo unaanza kunusa mashamba. Tuliinunua ikiwa imechoka. Bati lilikuwa linavuja, sakafu ya saruji imepasuka, jiko la nje limejaa masizi, na nyuma kulikuwa na stoo ambayo mwenye nyumba wa kwanza alifugia sungura. Tuliitengeneza kidogo kidogo, kadiri ya uwezo. Bati jipya. Vigae. Jiko la ndani. Mwisho tukabomoa ukuta kati ya stoo na nyumba, tukaweka dirisha kubwa, na stoo ya sungura ikawa chumba cha kukaa, kidogo, cha kwetu wenyewe. Chumba cha mbele chenye makochi ni cha wageni na wazee wa kanisa. Hiki cha nyuma ni cha kuvua viatu.

Fundi alikuta bomba la maji limeshapita pale tangu enzi za sungura, akasema ni dhambi kulifunga, basi tukaweka lavabo ya kunawia mikono kabla ya kula. Mume wangu akaleta kioo kikubwa alichopewa na mabosi wake wa Nyarutarama walipokuwa wanahama. Yeye ni dereva wao. Kikapigiliwa juu ya lavabo. Kumbuka hicho kioo.

Kutoka kwenye lile dirisha unaona kiwanja cha jirani, mwanamke mzee mjane. Namwita mukecuru, kama tunavyowaita wazee wa kike hapa kwa heshima, naye ananiita mukazana wangu, mkwe wake, ingawa mume wangu si mwanawe. Aliishi Bujumbura miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili chake ni kizuri. Kile kiwanja kilikuwa na maharage, mti mmoja wa parachichi, na wanangu, maana mkubwa alikuwa analala kwetu na kuishi kwake. Mukecuru alikuwa anahamia Bugesera kwa binti yake, na kiwanja anakiuza; sisi tulikitaka. Mtu mwingine naye alikuwa anakitaka, afungue baa ya mishikaki na muziki.

"Mimi sitaki kuuzia bia," mukecuru aliniambia. "Nataka nikirudi kuwatembelea nikute watoto chini ya parachichi yangu. Si spika. Mutanipa neno lenu kwamba hapo hapataletwa biashara?"

Tukampa neno. Akasema atatusubiri hadi akate tiketi ya Bugesera, halafu akacheka, kwa sababu Bugesera ni pale tu, hakuna tiketi ya kukata siku zote hizo.

Benki nayo ikasema sawa, itatukopesha pesa za kiwanja kwa dhamana ya nyumba yetu, ila leteni tathmini mpya ya nyumba, ile ya zamani ni ya nyumba yenye sungura.

Mimi napenda karatasi. Nilimaliza sekondari Tanzania, sikuenda chuo, lakini nipe faili na mashine ya kutoboa karatasi nikuonyeshe. Nilikusanya kila kitu: hati ya ardhi yenye majina yetu wawili, kibali cha ukarabati kutoka umurenge, yaani ofisi ya serikali ya eneo letu, cheti cha ndoa, fotokopi za vitambulisho, risiti za bati na vigae. Walitaka pia picha za kabla na baada. Za kabla zilinipa shida. Picha pekee ya ile stoo ninayo nimesimama mimi mbele yake na mimba ya miezi ya mwisho, tumbo limeziba nusu ya ukuta.

"Peleka hiyo hiyo," mume wangu akasema. "Waone tulikarabati na wewe."

Nikaipeleka.

Mthamini alikuja Jumamosi. Mwanaume mpole, amekulia Uganda kama mume wangu, wakaanza kuulizana shule. Alipima kwa kile kidude cha taa nyekundu, akagonga vigae, akapanda ngazi kuangalia bati. Nilimpa maziwa, akanywa, akashukuru, nami nikarudi kusukwa. Alipofika chumba cha nyuma alimkuta mdogo wangu amekaa kwenye kigoda ananisuka, kwa sababu pale kuna mwanga na kioo, na jirani mmoja anasubiri zamu yake, kwa sababu mdogo wangu akishika kichwa kimoja vichwa vya mtaa mzima vinajua.

"Usinipige picha, nimevaa kitenge cha kupikia!" mdogo wangu akamwambia.

"Napiga ukuta tu, dada. Wewe sikuoni."

Ukuta ukapigwa, na sisi watatu tukiwa ndani ya ukuta.

Siku chache baadaye nikapigiwa simu na ofisi yao. Sauti ya mwanaume, Kiswahili kimenyooka, cha kwetu kabisa. Moyo ukafurahi. Alikuwa ndiye anayeandika ripoti, akasema mthamini amesafiri, kuna mambo madogo anataka kuhakikisha kwenye picha.

Hapa lazima nieleze jambo. Nilipohamia Kigali nikiwa msichana nilikuja na neno sebule. Hakuna aliyelielewa. Mume wangu, enzi hizo hata si mchumba, aliniuliza, "Sebule ndiyo nini, ni aina ya mboga?" Hapa chumba cha kukaa ni saloni, neno la Kifaransa waliloachiwa na Wabelgiji. Kwa hiyo nikaitupa sebule yangu, nikasema saloni kama watu wote, na nikaona fahari kwamba sasa mimi ni mwenyeji.

"Hiki chumba cha nyuma, chenye kioo na sinki," ile sauti ikauliza, "ni cha nini?"

"Hiyo ni saloni," nikasema. "Ile ndogo."

"Ahaa. Inafanya kazi?"

Nikaona swali la ajabu, lakini wathamini nao wana mambo yao. "Inafanya sana. Tuko humo kila siku."

"Watu ni wengi?"

"Jumamosi wanajaa mpaka wengine wanakaa chini." Nilitaka ajue chumba kinahitajika.

"Ya kike tu, au na wanaume?"

"Wote, kaka yangu, hatubagui. Na watoto."

"Hongera, dada," akasema, na nikamsikia anachapa.

Baada ya hapo ndipo karatasi zilipoanza kuzaana. Ujumbe wa kwanza: leta barua ya kubadilisha matumizi ya ardhi kutoka makazi. Nikashangaa, nikaenda umurenge, nikakaa foleni na mtoto, nikaambiwa barua hiyo haitolewi bila sababu, na mimi sababu sikuwa nayo. Ujumbe wa pili: leta usajili. Usajili wa nini, nikauliza. Yule dada wa mapokezi akajibu, "Ni utaratibu, madamu. Ihangane." Mume wangu akasema labda wanadhani tunapangisha vyumba. Nikapiga simu kusema hatupangishi. Wakasema asante, wataandika kwamba hatupangishi. Halafu ukaja wa tatu: fomu ya Kinyarwanda, jirani asaini kwamba hana pingamizi.

Hiyo fomu niliipeleka kwa mukecuru bila kuisoma hadi chini. Mtoto alikuwa na homa, sufuria iko motoni, nikasema ni saini tu, anatupenda. Mukecuru akavaa miwani yake. Akasoma polepole, kidole chini ya mstari, halafu akaivua miwani.

"Mukazana wangu. Hapa imeandikwa nakubali shughuli za biashara zinazofanyika kwenu na zitakazopanuliwa."

"Haiwezekani."

"Soma weye mwenyewe."

Nikasoma. Ilikuwa imeandikwa hivyo hivyo.

"Uliniambia watoto," mukecuru akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Yule wa baa aliniambia baa. Yeye alau alisema ukweli."

Niliapa. Nilieleza. Lakini unaelezaje kitu ambacho wewe mwenyewe hukielewi? Nikawa kama mwizi anayesema sijui huyu kuku ameingiaje mfukoni. Akanirudishia fomu bila saini. Jioni ile alimwita mwanangu mkubwa ale maharage kwake kama kawaida, ila mimi hakunisalimia kupitia dirishani. Dirisha lile nililigharamia kwa ajili ya kusalimiana naye.

"Sheri, mpenzi wangu, tulia," mume wangu akasema. "Kesho nenda taratibu, uliza vizuri."

Nikaenda taratibu. Nikauliza vizuri. Nikaulizwa nywele.

Sasa turudi pale kaunta. Mimi nimepiga bahasha, nimesema sihangani, mtoto analia, na mlango wa ndani ukafunguka. Akatoka kaka mmoja mwenye miwani, mikono ya shati imekunjwa, na aliposema neno moja tu, "Kuna nini?", nikaijua ile sauti ya simu.

"Wewe!" nikamwambia. "Njoo uniambie wewe. Nywele za nani?"

"Za saluni yako, dada."

"Saluni gani?"

"Si uliniambia mwenyewe? Ile ndogo ya nyuma. Jumamosi wanajaa, wengine wanakaa chini. Na picha ninayo, mteja mmoja anasukwa na mwingine anasubiri."

Watu kwenye viti wakasogea mbele. Hata mtoto aliacha kulia, nafikiri alitaka kusikia. Nikauona ule mstari wote tangu mwanzo: kioo, lavabo, kigoda, mdogo wangu na kitenge chake cha kupikia. Barua ya matumizi ya ardhi. Usajili. Mukecuru na miwani yake.

"Kaka," nikasema, "wewe umetoka wapi?"

"Dodoma. Nina miezi michache hapa."

"Mimi nimekulia Tanzania. Wewe kwenu mgeni unamkaribisha wapi?"

"Sebuleni," akasema.

"Ndiyo hiyo!" nikapiga kelele. "Hiyo ndiyo saloni! Ni sebule! Hapa wanaiita saloni! Ningekwambia sebule tungekuwa tumemaliza zamani, lakini nani angejua kuna mtu wa Dodoma kwenye simu ya ofisi ya Kicukiro, hapa Kigali?"

Yule dada wa mapokezi akaweka mkono mdomoni. "Yesu weee. Ni saro ya kukaa?" Halafu akaanza kucheka, na viti vyote vikacheka, na mzee mmoja wa kofia akamwambia yule kaka, "Kijana, kumbe hata mimi nyumbani niko na saloni mbili na sina hata mkasi." Kaka wa Dodoma alikuwa amekuwa mdogo kama sabuni ya hoteli. Mimi pia nilitaka kucheka, mbavu zilikuwa zinaniomba, lakini nikamkumbuka mukecuru na kucheka kukakauka.

"Haya, rekebisheni," nikasema.

"Tutarekebisha," akasema yule dada. "Lakini ripoti iko kwenye mfumo kama biashara. Inahitaji mthamini arudi kuona tena. Wiki ijayo, ama ile ingine. Ihang…"

Akaniangalia, neno akalimeza katikati.

"Nipe karatasi," nikasema. "Naandika malalamiko rasmi."

"Dada, tuyamalize tu hapa," kaka wa Dodoma akaninong'oneza. "Sisi si watu wa nyumbani?"

"Watu wa nyumbani ndio wanaotakiwa kujua sebule yangu. Kalamu."

"Utaandika kwa Kiingereza, madamu?" yule dada akauliza.

"Kwa Kiswahili. Si ni lugha rasmi ya nchi hii? Tena nitaandika polepole, ili kila mtu aelewe kila neno."

Nikaandika nimesimama, mtoto anavuta kitambaa changu hadi kikaanguka na kipara kikaonekana, nikakiacha kionekane. Nilidai kashe, muhuri wa kupokea, kwenye nakala yangu. Yule dada akaupiga kwa nguvu, na nilipotoka akanifungulia mlango. Sikumshukuru. Baadaye nilijuta kidogo, kidogo tu.

Wiki ile ile walikuja, mthamini na kaka wa Dodoma pamoja. Kabla ya kupima chochote nikawapeleka kwa mukecuru. Kaka wa Dodoma alieleza huku ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na mukecuru akamwacha aeleze mpaka mwisho, halafu akamwambia aanze tena kwa sababu sikio moja halikusikia. Sikio lake ni zima, mimi namjua. Alitaka tu kusikia tena pale pa nywele. Kisha akanitazama, akasema, "Mukazana wangu, na mimi nisukwe Jumamosi?"

Leo naandika haya nimekaa humo humo, nimevua viatu. Ua kati yetu na kile kiwanja tuliung'oa wenyewe. Maharage ni yetu sasa, na mukecuru akija kutoka Bugesera anayakagua kama mwalimu. Wanangu wako chini ya parachichi, mkubwa anamfundisha mdogo kula udongo. Nywele zangu zimeanza kurudi. Hasira ile bado ninayo, nimeitunza vizuri pamoja na risiti za vigae, na kila nikisoma nakala yangu yenye kashe naona sikuandika neno la kufuta. Hii hapa yote.

*Kwa Meneja wa Ofisi.*

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU NYUMBA YETU KUITWA SALUNI*

*Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Gahanga, mwenye nyumba pamoja na mume wangu. Ninalalamika rasmi kwamba ofisi yako imeandika kuwa chumba chetu cha kukaa cha nyuma ni mahali pa kusuka na kunyoa watu. Si kweli. Aliyekuwa anasukwa kwenye picha ni mimi. Aliyekuwa ananisuka ni mdogo wangu. Aliyekuwa anasubiri ni jirani, na hakuna aliyelipa, tulikula viazi.*

*Kwa kosa hilo mmenituma umurenge kuomba barua isiyo na sababu. Hilo nawasamehe. Lakini mmenituma pia kwa jirani yangu mzee na karatasi iliyomfanya aamini kwamba nilimdanganya. Hilo siwasamehe mpaka mlitengeneze. Sitaki pesa na sitaki mtu afukuzwe kazi.*

*Ninataka mambo mawili. La kwanza, mthamini arudi wiki hii, si ile nyingine. La pili, aliyeandika ripoti aje mwenyewe kwa jirani yangu, aseme kwa mdomo wake kwamba mimi nilisema watoto na nilimaanisha watoto. Akifika tutamkaribisha vizuri, na tutamkalisha saloni, ili ajue.*

*Mwisho, ninajibu swali la fomu yenu kuhusu mazingira. Nywele zote za nyumba yetu ziko vichwani mwetu. Chache zinazonidondoka mimi kwa sababu ya uzazi ninazifagia mwenyewe.*